Kabla ya kuomba uzamili wa uhandisi, nenda kaione mashine

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia. Ana shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, ameshafanya kazi miaka miwili kwa mkandarasi, sasa anataka uzamili. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, niombe chuo gani?" Nikaanza kumjibu, ujumbe ukarefuka hadi nikauonea haya mwenyewe, nikasema basi niuweke hapa na wengine wausome.

Vyuo vya umma vipo. Dar es Salaam wanafundisha uhandisi tangu 1973. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, hapa hapa Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi kikapanda hadi kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Arusha kuna chuo cha Nelson Mandela, kilichoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Ada, sifa na tarehe za maombi utavikuta kwenye tovuti zao, na kwa kuwa hubadilika, mimi sivigusi. Nataka kusema juu ya mambo ambayo tovuti haiwezi kukuonyesha.

Uzamili wa kawaida una sehemu mbili. Kwanza madarasa: unasoma, unafanya mitihani, unafaulu. Hapo watu hawakwami sana. Wanakwama kwenye utafiti, mahali pasipo na kengele wala ratiba ya ukutani, na anayekuuliza umefikia wapi ni mama yako tu. Darasani kwetu kulikuwa na wenzangu wawili walionifundisha hesabu mimi. Mitihani waliipita kwa raha. Tasnifu zao hadi leo ziko kwenye kompyuta.

Mimi nilichukua mada ya nyumbani. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, palipokatwa udongo pembeni mwa barabara utaona matabaka ya mawe mepesi, ndugu wa yale ya kusugulia visigino. Ni mabaki ya volkano za Rungwe. Ukiyasaga yakawa unga laini, unapata pozolana: peke yake haigandi, lakini saruji inaposhika na maji huzalisha chokaa, na pozolana huila hiyo chokaa ikatengeneza gundi nyingine. Swali langu lilikuwa: tunaweza kupunguza saruji kwa kiasi gani bila zege kulegea?

Kwenye karatasi lilikuwa tamu. Michanganyiko mitano, kuanzia isiyo na jivu (ndivyo ninavyouita huo unga wa mawe ya volkano) hadi yenye asilimia 40. Vipimo vya nguvu, kipande kikivunjwa kwa mashine, vya siku 7, 28, 56 na 90, kwa sababu pozolana ni mvivu mwanzoni, ukipima mapema unaionea. Vipande vitatu kwa kila kipimo. Piga hesabu: vipande 60. Kila kimoja ni mchemraba wa milimita 150, kilo nane na ushee. Karibu nusu tani ya zege, ya kubebwa kwa mikono hii hii inayoshika kalamu. Ajabu ni kwamba saruji yenyewe haikufika mifuko miwili. Kinachokula mtu ni muda, usafiri na foleni ya mashine.

Majaribio ya kwanza niliyafanyia Mbeya wakati wa likizo, kwenye maabara ya mradi mmoja wa barabara, kwa hisani ya rafiki. Kulikuwa na fundi wa maabara, mzee wa makamo, hana shahada yoyote. Nilimwamkia, akaitikia, akaniacha nifanye mambo yangu. Nimeshamwaga vipande 15, nanawa mikono, akaja akasimama juu ya mfuko wa saruji.

"Injinia, hebu soma hapa."

Nikasoma. CEM II/B-P, 32.5.

"Hiyo P ni nini?"

Nilinyamaza. Nilikuwa naijua, niliifanyia mtihani. Herufi P inamaanisha pozolana asilia, na B ni kwamba imo asilimia 21 hadi 35. Yaani mchanganyiko wangu "usio na jivu" ulikuwa na jivu tayari, limetiwa kiwandani. Nilikuwa naongeza maji mtoni ili nipime mto umejaa kiasi gani. Mzee hakucheka. Akasema tu, "Tafuta CEM I," yaani saruji isiyotiwa pozolana, akaondoka kwenda kunywa chai. Vipande 15 vikawa viti vya walinzi.

Ndiyo maana nasema ukifika chuo, mtu wa kwanza kumtafuta baada ya msimamizi wako ni fundi wa maabara. Anajua mashine ipi inadanganya, chekeche lipi limetoboka na ufunguo uko kwa nani. Ni mzee yule yule aliyenifundisha kusaga mawe yangu. Mashine ya nafaka pale Uyole walinikatalia, na walikuwa na haki ("Kaka, hapa ni sembe"). Mzee akanionyesha mashine ya Los Angeles, ile ya kupimia ugumu wa kokoto: pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani. Unatia mawe, linazunguka na kelele zake, unachekecha. Kwenye vitabu nilivyosoma ujanja huo sikuwahi kuukuta.

Jingine ni baridi. Vipande vya zege hutunzwa ndani ya maji, na kiwango cha Ulaya nilichokifuata kinataka nyuzi 20, zaidi au pungufu mbili. Sasa tia hilo tangi uani Mbeya mwezi wa Juni. Nilitumbukiza kipimajoto asubuhi kikasoma 12. Zege kwenye baridi hukomaa polepole, kwa hiyo ningeandika kwamba jivu ni dhaifu kumbe aliyekuwa dhaifu ni tangi. Watu wa Makambako na Njombe mnanielewa.

Nikarudi chuoni na magunia ya mawe kwenye buti la basi. Konda aliinama kulinyanyua moja akitegemea uzito wa viazi, nusura aanguke kinyumenyume. Hadi tunashuka Kitonga alikuwa bado ananitazama.

Nikaanza upya, CEM I, tangi zuri. Siku ya 26 mashine ya kuvunjia vipande ikaharibika. Sitataja ni chuo gani, maana mashine huharibika popote. Ila elewa hili: zege halisubiri. Siku ya 28 ni siku ya 28, hata barua ya kuomba fundi iwe bado inatafuta sahihi. Niliviringisha vipande 15 kwenye magunia yaliyoloana, maana havitakiwi kukauka kabla ya kipimo, nikakodi bajaji, tukaenda kuomba maabara nyingine mjini. Kilo 120 na zaidi. Dereva alidhani nimeiba matofali. Nililipia kila kipande, na pesa hiyo haikuwa kwenye bajeti yoyote.

Kwa hiyo kabla hujalipa fomu, panda basi, nenda. Omba kuingia maabara. Usiulize kama mashine ipo, uliza mara ya mwisho imetumika lini, cheti chake cha kurekebishwa usahihi ni cha mwaka gani, na wanafunzi wangapi wanaisubiri. Kisha mtafute anayeweza kukusimamia, umuulize ana wanafunzi wangapi na wangapi wamemaliza. Swali hilo linahitaji adabu, lakini liulize. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema mwenye shughuli nyingi. Barua pepe zangu ndefu hazikujibiwa. Nilipoanza kumpelekea mchoro mmoja na swali moja, nikiwa nimesimama mlangoni saa mbili asubuhi, mambo yakaenda.

Wengine wanadhani uzamili utawapa muhuri wa mhandisi mtaalamu. Hautoi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka uzoefu wa kazini chini ya usimamizi, na mpango wake wa mafunzo kwa wahitimu ni wa miaka mitatu. Kama bado hujaupitia, mimi ningemaliza huo kwanza. Nao waajiri wengi, walau wale ninaowajua, hawaongezi mshahara kwa ajili ya karatasi.

Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza. Sawa. Lakini kila sura niliyoimaliza nilimweleza kwa Kiswahili fundi ujenzi mmoja wa Mwanjelwa. Palipomfanya akunje uso ndipo mimi mwenyewe nilipokuwa sijaelewa.

Kijana wa Mafinga anataka kuchunguza majivu ya vumbi la mbao. Malighafi anayo, viwanda vya mbao vinavyolishwa na msitu wa Sao Hill vimemwaga vilima vya vumbi hilo. Wazo halina ubaya. Nimemuuliza jambo moja tu: hilo vumbi utalichoma kwenye tanuru lipi, na nani atapima joto lake? Maana ukichoma uani, leo moto mkali, kesho umenyeshewa, kila gunia litakuwa na majivu ya tabia yake, nawe utakuwa unapima hali ya hewa. Ameniambia kesho anakwenda kuangalia tanuru moja Iringa mjini. Chuo bado hajachagua.