Bukini kwa gari na mume wangu: hesabuni masaa, kilomita zitawadanganya

Tangu turudi naulizwa sana na mashoga zangu hapa Mtwara, hasa walioolewa juzijuzi, eti mlienda Madagascar mkazunguka na gari wawili tu, mliwezaje? Nimeona bora niandike yote sehemu moja mana kwenye simu siwezi kumaliza. Madagascar ndo hiyohiyo Bukini wazee wetu wa Mikindani walikua wanaitaja, na ukiangalia ramani ipo jirani kabisa ila kufika kwake mpaka uende Dar, alafu Nairobi, ndo ushuke Antananarivo, mji wao mkuu.

Tulienda mwezi wa sita, shule zimefunga (mimi ni mwalimu), mtoto tukamwacha kwa bibi yake Mikindani, na hela ni ya korosho ya misimu miwili tuliyoiweka pembeni bila kuigusa. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni kipupwe kule pia, mvua ni chache, ndo wakati mzuri wa kwenda.

Sasa kosa letu kubwa, na nataka mlisikie kabla hamjakata tiketi. Ile barabara wanayoiita RN7, kutoka Antananarivo mpaka Toliara kule kusini magharibi baharini, ina kama kilomita 950. Baba Nasra akapiga hesabu ya kwetu, Mtwara mpaka Dar ni kama 560 na basi la asubuhi linafika jioni, kwaiyo akasema hiyo ni siku mbili tu, tukibakiwa na siku tunakatiza mpaka Morondava kuona mibuyu. Akapanga kila kitu hivyo na vyumba tukavilipia kabisa. Aisee, siku ya kwanza tu Antananarivo mpaka Antsirabe, kilomita 170, tulitumia karibu masaa matano, kona juu ya kona, malori, mikokoteni ya ng'ombe, mashimo, watu na baiskeli wanapita humohumo. Kule hakuna kitu kinaitwa kilomita, kuna masaa.

Siku ya pili ndo tukagombana. Tulisimama Ambositra, mji wa wachonga mbao, na mume wangu amekulia kwenye vinyago vya Kimakonde, babu yake alikua anachonga, kwaiyo alivyoona kazi za Wazafimaniry akasahau safari. Hawa ni watu wa misituni karibu na hapo, nyumba zao wanajenga kwa mbao bila msumari hata mmoja, milango na madirisha yamejaa michoro ya kukatwakatwa kama mkeka, na UNESCO ilitambua ufundi wao mwaka 2003. Yeye anataka akae na fundi amwone anavyoshika patasi, mimi naangalia saa mana chumba kipo Ranomafana na dereva ameshasema usiku hatakiwi mtu barabarani, kuna majambazi wanaitwa dahalo. Nikamharakisha, akanuna, tukaondoka, giza likatukuta njiani, masaa mawili mtu na mke wake hakuna anayeongea na dereva wa watu yupo katikati ya ugomvi wetu. Niliumia sana usiku ule. Nimekusanya hela misimu miwili nije ninyamaziane na mume wangu kwenye gari?

Asubuhi tulikaa tukaongea vizuri, akaniambia, mama Nasra, Morondava tuiache. Tukaiacha kweli, na hela ya chumba cha huko haikurudi. Tukawekeana kwamba ikifika saa kumi na moja jioni gari iwe imepaki, kila sehemu tulale siku mbili, na kila mmoja ana sehemu moja ambayo hataharakishwa. Ya kwake akarudishiwa, tulipunguza siku moja ya mbele tukarudi Ambositra akakaa na yule fundi mpaka akashiba. Nawaomba na nyie myaongee haya nyumbani kabla hamjapanda ndege, mana mkiwa mmechoka njiani hayaongeleki.

Ya kwangu ilikua msitu wa Ranomafana. Jina lenyewe maana yake maji ya moto. Huko mwaka 1986 mtafiti Mmarekani Patricia Wright na wenzake walimkuta lemuri (mnyama wa mitini wa kule) wa rangi ya dhahabu anayekula mianzi, hakuna aliyekua amemwandika kabla, na hifadhi ikafunguliwa 1991. Huingii bila mwongozaji, na chukueni anayejua Kifaransa au Kiingereza mnachokielewa. Usiku alitupitisha pembeni ya barabara na tochi tukaona vilemuri vidogo kama panya, ndugu wa komba zetu hawa wanaolia kwenye minazi, macho yanawaka. Nilimshika mkono mume wangu pale gizani nikasema hii peke yake imetosha.

Baridi msiichukulie poa. Antsirabe ipo juu kama mita 1,500 na usiku wa kipupwe, ile baridi ya Newala mnayoijua ni cha mtoto. Bebeni masweta na soksi, mimi nilikua na mtandio tu.

Chakula hamtapata shida, wali asubuhi mchana jioni, na baada ya wali wanakuletea ranovola, maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yenye ukoko, unaweza kuona ajabu ila yanatuliza tumbo. Asubuhi barabarani kuna mofo gasy, nyie, kitumbua kabisa, unga wa mchele, kikaango cha mashimo, moto moto na kahawa. Na kuna ravitoto ambayo ni kisamvu kilichotwangwa kama cha kwetu, ila Waislamu wenzangu muwe makini, mara nyingi wanapika na nguruwe. Ulizeni kwanza, misy henakisoa ve? Mkijibiwa tsy misy maana yake hamna, kuleni. Maneno mengine mtayasikia yanafanana na yetu, ng'ombe wanaita omby, kuku akoho, kanga akanga, na salamu ni salama.

Kwenye hela kuna mtego. Wanatumia ariary lakini wengi vijijini bado wanataja bei kwa faranga ya zamani, na ariary moja ni faranga tano. Ukiambiwa 50,000 sokoni usishtuke ukaanza kulipa, uliza kwanza ni ariary au faranga, mana kama ni faranga ni 10,000 tu. Sisi tulilipia kikapu mara tano yake siku ya kwanza.

Gari chukueni na dereva, ndo wengi wanavyofanya. Kule wanapita kulia, na mume wangu anayeendesha Masasi kila wiki alisema mwenyewe asingethubutu. Muulizeni dereva pia kuhusu fady, yaani miiko, kila eneo lina yake, makaburi kwa mfano msiyanyooshee kidole.

Ukishapita Ihosy milima inaisha, nyasi tupu, alafu Isalo na majabali yake yanatokea. Mbele kidogo ni Ilakaka, na nyie wa Masasi na Tunduru hadithi mnaijua, ilikua vibanda vichache mpaka yalipoonekana madini ya safaya 1998, mji ukaibuka. Mawe ya mkononi barabarani msinunue, hata yang'ae vipi.

Toliara tulifika siku ya kumi badala ya siku ya pili. Wavuvi wa Kivezo walikua wanarudi na vyombo vyao, na baba Nasra akavua viatu akaenda kuwasaidia kuvuta, akarudi ananieleza kwa furaha kama mtoto kwamba ni ngalawa kabisa ila ina tengo (ule mti wa pembeni wa kuizuia isipinduke) upande mmoja, ya kwetu inakua na mawili. Tukakaa pale mchangani mpaka jua likazama, bahari ni hiyohiyo, tofauti pale tulikua upande wake wa kusini.

Kurudi Antananarivo tulipanda ndege ili tusirudie njia. Mkifanya hivyo, mafuta ya dereva ya kurudi na gari tupu mtalipa nyinyi, kwaiyo mpatane mapema, na acheni siku moja nzima kabla ya ndege ya kurudi nyumbani, mana ya ndani ilisogezwa mbele masaa saba na sisi tulikua tumeiacha hiyo siku.