Hapo akili unde iko wapi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye alama za biashara, najua mnazitamani kesi za akili unde, maana ndizo zinazovuma. Hata mimi nilianza hivyo. Niliambiwa niandae muhtasari wa kesi za akili unde zinazohusu bidhaa za kifahari, nikaiweka ya kwanza Hermès, watengenezaji wa pochi za Birkin, dhidi ya Mason Rothschild, yule aliyeuza picha 100 za kidijitali za pochi za Birkin zenye manyoya. Februari 2023 jopo la raia mjini New York liliamua kwamba alikiuka alama ya biashara, alipe dola 133,000. Mkuu wangu akasoma aya moja, akaniuliza: "Hapo akili unde iko wapi?" Haikuwepo. Nilikuwa nimesoma vichwa vya habari tu.

Siku hizi naanza na swali la kifundi: mashine ilichukua nini, ikatoa nini?

Chukua kesi ya Christian Dior. Mteja aliweza kujaribu miwani ya jua mtandaoni: kamera inapima uso, programu inamvisha miwani kwenye skrini. Sasa jimbo la Illinois, Marekani, lina sheria ya mwaka 2008, BIPA, inayodai ridhaa ya maandishi kabla ya kupima uso wa mtu. Ukizembea fidia ni dola 1,000, ukikusudia ni 5,000. Mteja akashtaki. Ungedhani Dior wangebishania programu. Wapi! Walisema miwani ya jua ni kifaa tiba, kwa hiyo anayeijaribu ni kama mgonjwa, na sheria yenyewe haigusi taarifa za mgonjwa anayepata huduma ya afya. Februari 2023 jaji akakubaliana nao, kesi ikatupiliwa mbali. Nilicheka kwanza, kisha nikarudi kukisoma kile kifungu neno kwa neno.

Lakini msiitegemee kinga hiyo. Mteja wenu akija na programu ya kujaribu hereni, uso unapimwa vilevile na hereni haitibu mtu. Nafuu iliyopo ni kwamba mwaka 2024 Illinois ilibadili hesabu, fidia ikawa kwa mtu mmoja badala ya kila anapopimwa.

Upande wa picha, someni kesi ya Getty Images, wauzaji wa picha, dhidi ya Stability AI, wenye programu ya akili unde inayotengeneza picha, London, Novemba 2025. Wengi waliishia kwenye hakimiliki, ambako Getty ilikwama. Mimi nilikaa kwenye kale kasehemu ilikoshinda: matoleo ya zamani ya programu yalitoa picha zenye nembo yake. Kwa kampuni ambayo nembo imejaa pochi nzima, hako ndiko kenye maana.

Kwa hiyo mteja akileta picha ya pochi yake iliyotolewa na mashine, msikimbilie barua ya onyo. Mwulizeni: maneno gani yaliandikwa kuiagiza mashine, toleo gani la programu, tarehe gani? Picha iliyokatwa WhatsApp haina hata kimoja cha hivyo.