Maumivu baada ya upasuaji wa bawasiri

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilifanyiwa upasuaji wa bawasiri wiki iliyopita, na tangu nirudi nyumbani kwenda haja kubwa kumekuwa adhabu. Nimepunguza kula ili nisiende chooni, na dawa nameza pale tu maumivu yanapozidi. Mama mkwe ananishauri nikalie maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Kazi yangu ni kubangua korosho, nikiwa nimekaa chini kutwa. Nifanye nini?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Maumivu hayo peke yake hayamaanishi kwamba upasuaji umeharibika: kidonda kipo mahali penye mishipa mingi ya fahamu, na msuli unaofunga njia ya haja kubwa hukaza kila kinapoguswa, ndiyo maana wiki ya kwanza huwa ngumu. Kinachonitia wasiwasi ni huko kujinyima chakula. Choo kinachobanwa hukauka, na siku kitakapotoka kitachubua kidonda, nawe utazidi kukiogopa. Kula, tena kula mbaazi, kunde, mboga za majani na papai, unywe maji ya kutosha, na choo kikiendelea kuwa kigumu mwombe daktari wako dawa ya kukilainisha, kama vile laktulosi.

Dawa usiisubirishe hadi maumivu yapande. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini humeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidisha 8 kwa siku. Usijinunulie dawa zenye kodeini wala tramadoli, kwa kuwa hufunga choo.

Mama mkwe amekosea kwenye dawa tu, maana hiyo itakiunguza kidonda. Kukalia maji ni ushauri mzuri. Tia maji ya uvuguvugu matupu katika beseni safi, uyapime kwanza kwa kiwiko, kisha ukae dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku na kila utokapo chooni, ili msuli ulegee. Jikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

Kazi ya kubangua korosho iache kwanza, hadi daktari aliyekupasua akuruhusu. Ukipumzika, lala ubavu.

Ukitokwa na damu nyingi au mabonge, jambo linaloweza kutokea hata katika wiki ya pili, ukipata homa, ukishindwa kukojoa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda siku hiyohiyo.