Mwanangu anasoma kwa masikio: niliyojifunza kulea mtoto mwenye disleksia

Ilikuwa jioni, umeme ndo umerudi, mwanangu anasoma kwa sauti kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu na mimi niko jikoni nakata mchicha, nasikia hadithi inashuka vizuri kabisa, roho kwatu. Nikaja kuchukua chumvi mezani nikaona mbona macho yake yako dirishani. Nikaweka kiganja juu ya ukurasa nikaufunika wote, akaendelea kusoma. Hakukosea hata neno moja. Kumbe alikuwa ameikariri hadithi nzima kwa kumsikiliza mwenzake wa dawati moja, na nilipofungua ukurasa ambao hawajaufikia nikamwambia haya soma hapa, akanyamaza, alafu machozi yakaanza kudondokea kwenye kitabu bila sauti yoyote. Miaka mitatu shuleni na sisi nyumbani hatukujua.

Kabla ya siku hiyo nilishamwita mvivu, na nilishamchapa. Naandika hivi waziwazi kwa sababu najua kuna mzazi anasoma hapa na jana tu kamchapa wa kwake kwa daftari lililojaa wino mwekundu. Twisheni tulimpeleka asubuhi na jioni mpaka jumamosi. Bibi yake alisema mtoto kapigwa jicho aende akaombewe. Kwenye ripoti waliandika "hajitumi", na yule mtoto alikuwa anajituma kuliko wote darasani maana kukariri kitabu kizima kwa kusikiliza si kazi ndogo jamani.

Tulianza na macho na masikio, na nakushauri uanzie hapo hapo maana ni vipimo vya kawaida na wakati mwingine tatizo linaishia kwenye miwani. Wa kwangu alikuwa mzima pote. Ndo tukaelekezwa kwa mwalimu aliyesomea elimu maalum. Huyu mama alimwambia mtoto amsimulie hadithi, akasimulia vizuri sana, akampa maneno ya kawaida kusoma, akayapata machache yale aliyoyazoea, alafu akamwandikia maneno yasiyo na maana yoyote, mfano "bumeka", "tondiwa". Hapo akakwama kabisa. Yaani neno asilowahi kulisikia hakuwa na njia ya kulijenga kutoka kwenye herufi. Mwalimu akatueleza disleksia, kwamba ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti zake, mtu anazaliwa nayo, inatembea kwenye familia na haina uhusiano na akili. Mume wangu alikuwa kimya muda wote. Tulipokuwa kwenye daladala kurudi akaniambia, mimi mpaka leo meseji ikiwa ndefu nampa mtu anisomee. Tumeoana miaka kumi na moja na sikuwa najua.

Baadae nilisoma kwamba mwaka 1896 daktari wa Uingereza anaitwa Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye hawezi kusoma lakini ana akili timamu, na mwalimu wake akasema huyu angekuwa ndiye hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Hilo neno lilinikaa, nikasema sasa si ndo mwanangu huyu. Na siku hizi kufundishwa kwa mdomo kunawezekana maana simu inasoma.

Kwahiyo kitu kikubwa nilichobadilisha nyumbani ni hiki: nilitenganisha kujua na kusoma. Zamani kama hajasoma sura ya sayansi basi hajui sayansi, anabaki nyuma kwenye kila kitu kwa sababu ya kitu kimoja. Sasa sayansi inaingia kwa sikio, siku hiyo hiyo wenzake wanapojifunza, na kusoma kwenyewe tunakufanya pembeni, taratibu, dakika ishirini kila siku, kwa kiwango chake na bila kumlinganisha na mtu.

Vifaa sasa. Usiende kununua kitu, anza na simu yako. Simu nyingi za Android zina kitu kinaitwa Select to Speak, kiko ndani ya setingi upande wa ufikivu, kama huoni pakua Android Accessibility Suite ni bure. Ukikiwasha unagusa maandishi yanasomwa. Kitabu cha karatasi unakipiga picha kwa Google Lens unabonyeza kusikiliza. Sauti ya Kiswahili ipo, ila hakikisha umechagua lugha, maana sisi wiki nzima ya kwanza simu ilikuwa inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kizungu mtoto haelewi kitu, tukadhani programu ni mbovu. Vitabu vya kiada vya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo kwenye maktaba mtandao yao, navyo vinasaidia kama kitabu kimebaki shule. Kwenye laptop tunatumia Microsoft Edge, kile kitufe cha kusoma kwa sauti, sauti za Kiswahili cha Tanzania wamezipa majina Daudi na Rehema, za Kenya ni Rafiki na Zuri. Wa kwangu ni mtu wa Rehema. Hizo za Edge zinakula bando kwahiyo angalia, zile za kwenye simu unaweza kupakua data ya sauti mara moja ukiwa sehemu yenye waifai na baada ya hapo zinasoma bila intaneti.

Jambo moja ambalo sikuambiwa: usimwachie simu na hedifoni ukaondoka. Mwezi wa kwanza nilifanya hivyo nikaona anasinzia. Nikaanza kukaa naye, sauti tumeipunguza mwendo, kidole chake kinafuata mstari kwenye kitabu wakati sikio linasikiliza, na kila aya moja tunasimamisha ananiambia kimesemwa nini. Kidole kisipofuata mstari, macho hayajifunzi chochote. Tulikata na kipande cha manila tukatoboa tundu refu la upana wa mstari mmoja, anakisogeza juu ya ukurasa ili mistari mingine isimvuruge, hicho kimegharimu karibu bure na anakitumia kuliko vyote.

Fonti nazo watu wanaziulizia sana. Ipo ya OpenDyslexic, ni ya bure, wengine wanaipenda, ijaribu tu ila usiitegemee. Kilichoonekana kusaidia zaidi ni nafasi kati ya herufi, kuna utafiti wa 2012 walifanya kwa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia, herufi zilipoachanishwa walisoma haraka zaidi na makosa yakapungua. Kwahiyo mazoezi nikichapa stesheneri namwambia kijana wa pale aweke herufi kubwa, aachanishe, mistari iwe mbalimbali.

Kuandika ndo kulikuwa vita. Insha ya nusu ukurasa ilikuwa inachukua jioni nzima na mwisho ni mistari miwili, wakati kichwani ana hadithi ya kuanzia hapa mpaka Kigoma. Kibodi ya Gboard inaandika unachoongea kwa Kiswahili, chagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya kutegemea ulipo. Inafanya kazi vizuri kama kuna utulivu, kwetu jirani akifungua redio basi inaandika na matangazo ya vifo. Lakini mtihani unaandikwa kwa mkono, sasa nikawaza hii itamfikisha wapi? Tulichokuja kukipata, na hiki ndo naomba ukijaribu hata leo, ni kujirekodi tu. Anachukua simu anarekodi insha yote kwa sauti yake kama vile anamtumia bibi voisi, mwanzo mpaka mwisho, anaisikiliza mara moja anarekebisha, alafu anajiimlisha mwenyewe, anacheza sentensi moja anasimamisha anaandika, anacheza tena. Mawazo yameshatunzwa hayakimbii, kilichobaki ni mkono na herufi tu. Haihitaji bando wala programu yoyote. Kutoka mistari miwili alifika ukurasa mzima, tahajia zilikuwa za ajabu lakini ilikuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho na ng'ombe aliyepotea katikati.

Niseme kuhusu Kiswahili chenyewe maana ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa watoto wanaosoma Kiingereza. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwahiyo mtoto wetu mwenye disleksia akishajua ba be bi bo bu anaweza kujificha miaka mingi, hakosei sana ila anasoma polepole mno na akimaliza hajui kasoma nini. Mwangalie kwenye vile viungo vigumu, mbw, ndw, nyw, ng' na ng, na kwenye maneno marefu, wa kwangu neno kama "wamenunuliwa" anasoma mwanzo alafu mwisho anabuni, anasema "wamenunua" na maana yote imepinduka, aliyenunuliwa amekuwa mnunuzi. Tunakata kwa penseli, wa-me-nunu-liwa, na sasa anajikatia mwenyewe. Alafu ujue anaenda sekondari ambako anakutana na Kiingereza cha "though" na "through" masomo karibu yote, ndo pale watoto waliokuwa wanajikongoja wanaanguka kabisa na watu wanashangaa mbona msingi alikuwa anapita. Anza kumsikilizisha Kiingereza mapema, masikio yakishayajua maneno macho yanapata pa kushika.

Shule. Simu hairuhusiwi kwa mwanafunzi kwenye shule nyingi kwahiyo haya yote ni ya nyumbani, lakini kuna mambo unaweza kuomba. Mimi niliandika barua, nakala kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu wa darasa, nikaambatisha ripoti ya yule mwalimu wa elimu maalum, na nikaomba vitu vitatu tu: asiitwe kusoma mbele ya darasa bila kujiandaa, asomewe maswali ya jaribio kwa sauti, na mwalimu anitumie picha ya notisi za ubaoni kwa wasap ili asitumie kipindi kizima kunakili. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba darasa lina watoto wengi, hatuwezi kumpendelea mmoja. Ni kweli wako wengi, nimeliona hilo darasa na nawahurumia walimu. Nikarudi tena, safari hii na baba yake, na baba akawaambia ya kwake mwenyewe, kwamba aliacha shule kidato cha pili kwa hili hili. Mwalimu wa darasa akakubali kuanza na la kusoma maswali.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na ulitolewa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 mpaka 2025/26, kwahiyo ukienda halmashauri kumwona afisa elimu maalum huendi kuomba hisani. Kwa mitihani ya taifa fuatilia mapema sana, miaka kabla, kupitia mwalimu mkuu na kwa maandishi, maana makundi ya mahitaji maalum yanayosikika sana kwenye matangazo ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, na mtoto ambaye macho yake ni mazima lakini hasomi ni rahisi kusahaulika. Uingereza mtoto kama huyu akithibitishwa anaweza kuongezewa robo ya muda na kompyuta ya kumsomea maswali.

Hesabu sijaziandikia kwa sababu wa kwangu hana shida ya namba, za kichwa ananishinda mimi. Shida inaanza swali likiwa la maneno. Juzi kapata mbili kwa kumi kwenye jaribio la nyumbani la mafumbo, nikachukua karatasi ile ile nikamsomea maswali mimi taratibu, nikiwa nafua, yeye kakaa kwenye ndoo anaandika. Alipata tisa. Nikakunja karatasi zote mbili nikaziweka kwenye bahasha, jumatatu naenda nazo shule.