Kilkee kwa mtoto wa Pwani: kabla ya kuuliza mvua, uliza maji

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeko Dublin. Ameandika: "Dada, nimepata likizo wiki moja mwezi wa nane, nimekodi chumba Kilkee, nakwenda na wanangu wawili. Wenzangu kazini wanasema nitaambulia mvua tu. Nataka nikae kama wenyeji wanavyokaa, nisiwe wa kupiga picha na kuondoka. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe. Nimerudi Kilkee juzi na mchanga bado uko ndani ya viatu vyangu. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenda, na mwaka wa kwanza nilirudi nalia. Ngoja nikueleze kwa nini, ushauri utakuja humohumo.

Kilkee ni mji mdogo wa kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, unatazamana na Atlantiki. Ghuba yake imejikunja kama mwezi mchanga, na nyumba zimepangana kuufuata ufuo. Watu wa jiji la Limerick wamekuwa wakihamia huko kila majira ya joto tangu enzi za mababu zao. Charlotte Brontë, mwandishi wa Kiingereza, alifika akiwa kwenye fungate yake mwaka 1854. Mimi sikuupata mji huu kwenye kitabu wala kwenye intaneti. Niliupata kwa bibi mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Limerick. Kila nilipomwogesha alinisimulia walivyokuwa wakipanda treni utotoni na mama yao, masufuria na mashuka kwenye mabegi, wakakaa Kilkee mwezi mzima, na baba akiwafuata mwisho wa wiki. Treni hiyo ilifungwa mwaka 1961, lakini yeye aliisimulia kana kwamba ilikuwa inamngoja nje. Na kila mara alimaliza kwa neno moja: nenda ukaoge Pollock Holes.

Nikaenda, mwaka 2022, peke yangu, kwa basi. Nilipofika nyumba ya wageni niliyolipia wiki tatu kabla, nikiwa nimevaa hijabu yangu na mkoba begani, mwanamke aliyefungua mlango alinitazama akasema wafanyakazi wanaingilia nyuma. Nilimwonyesha risiti kwenye simu. Akaomba radhi, uso ukamwiva, akanipa ufunguo. Nimeshaelezwa na watu wengi kwamba ni kosa dogo. Si dogo. Hadi leo nikifika kwenye mlango nisioujua naitoa risiti kabla sijabisha.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, nilikwenda kuitafuta hiyo Pollock Holes upande wa magharibi wa ghuba. Sikuona kitu. Mawimbi yalikuwa yanapiga miamba, hapakuwa na bwawa wala mtu. Kukanyesha. Nikarudi chumbani nikajifunika, na asubuhi nikapanda basi la kwanza.

Nilipomweleza bibi, aliniuliza swali moja tu: maji yalikuwa wapi? Nilishindwa kumjibu. Mimi, niliyezaliwa Pangani, mtoto wa mvuvi! Baba yangu hakuwahi kupanga safari, harusi wala matanga bila kuuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Usiku ule wa Kilkee mwezi ulikuwa mpevu, ulikuwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, nami nilikwenda maji yakiwa yamejaa pomoni. Miaka sita ya saa za ukutani na zamu za usiku ilikuwa imenisahaulisha elimu niliyozaliwa nayo. Hilo liliniuma kuliko maneno ya yule mwanamke mlangoni.

Basi hili ndilo la kwanza na ndilo kubwa: Kilkee huishi kwa maji kupwa na kujaa. Pollock Holes ni mabwawa matatu ya asili kwenye miamba ya Duggerna. Maji yakijaa, bahari huyafunika yote. Yakipwa, hubaki yametulia, masafi, maana kila mzunguko huyajaza upya. Kwetu Pangani wakati wa bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi. Kilkee wakati huohuo wa mwezi hupwa karibu na saa sita mchana, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, adhuhuri ndiyo saa yako. Ukiwakuta wenyeji wanakula chakula cha mchana saa tisa, usidhani ni uvivu. Walikuwa wanafuata maji.

Nilirudi 2023. Bibi alikuwa ameshafariki majira ya baridi. Nilitembea juu ya miamba nikiwa na vazi langu la stara la kuogelea, nikawakuta akina mama wa miaka sabini na zaidi ndani ya maji wanapiga soga kama wako kisimani. Maji ya huko, hata katikati ya joto, ni kama nyuzi 15. Usiruke. Ingia polepole, pumua, na mara ya kwanza dakika tano zinatosha. Nilipotoka natetemeka, mmoja wao alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake bila kuniuliza kama nataka. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Limerick, na kwetu ni Pangani. Akauliza, Pangani kuna mawimbi? Tukaongea bahari nusu saa. Usisahau kwenda na chupa ya chai yako na kikombe cha ziada, kwa sababu siku ya pili mimi ndiye niliyemimina.

Ukutani kando ya ufuo utaona watu wanauza vifuko vya konokono wadogo wa baharini waliochemshwa, na sindano ya kuchokolea. Wanauza pia mwani mwekundu uliokaushwa, wanauita diliski, wanautafuna kama karanga. Wageni wengi hukunja pua. Mimi nililelewa na tondo, tukiwachokoa kwa miiba ya mlimau, kwa hiyo nilimaliza kifuko kizima nimesimama palepale, na muuzaji akaniongezea kingine bure. Nasema hivi kwa fahari. Tumefundishwa kuona vyetu ni vya kimaskini mpaka tuvikute kwa wengine vinauzwa. Mwani watu wetu wanalima Tanga na Unguja kwa ajili ya kusafirishwa nje, wala hatuuonji. Wape wanao waonje.

Kuhusu mvua: itanyesha. Wenyeji wakiona manyunyu husema ni siku laini, na wanaendelea kuogelea. Beba joho la taulo na koti, acha mwavuli, upepo utauvunja. Bendera nyekundu ikipandishwa ufuoni usiingie hata kama maji yanaonekana matulivu. Zikiwa nyekundu na njano, oga katikati yake.

Baa je? Najua baadhi yenu mtanikemea. Sinywi pombe na sijawahi. Lakini katika mji kama ule baa ndiyo baraza. Ndiko misiba inakosemwa na ndiko muziki unakopigwa. Ninaagiza chai au soda, ambayo wao huita minerali, na zamu yangu ya kununulia meza ikifika nanunua. Usiikimbie zamu yako. Watoto wanaruhusiwa wakiwa nawe, na kuanzia Mei hadi Septemba ni hadi saa nne usiku. Mwezi wa sita mwishoni jua lenyewe linazama baada ya saa nne, nikitoka kwenye mazungumzo ndipo naswali Magharibi.

Jumapili ya 21 Julai 2024 nilikuwa kwenye baa mojawapo timu ya kaunti ya Clare ilipocheza na ya kaunti ya Cork fainali ya Ayalandi nzima ya halingi, ule mchezo wa fimbo na mpira mdogo mgumu. Cork ndiyo iliyokuwa imeitoa Limerick nusu fainali na kuikatisha kombe la tano mfululizo, kwa hiyo baba mmoja wa Limerick kando yangu alitangaza kwamba leo yeye ni Clare. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza. Clare wakashinda kwa pointi moja, kombe lao la kwanza tangu 2013. Nilikumbatiwa na watu ambao sijui majina yao mpaka leo. Na katikati ya zile kelele nikamwona yule mwanamke wa nyumba ya wageni, mlangoni, anafuta machozi ya furaha. Alinitambua. Aliniinulia mkono nami nikamwinulia wangu. Sikumsogelea, na sitadanganya kwamba nilimsamehe siku ile.

Ndugu zangu, tunaishi nchi hizi kama tuko stendi tunangoja basi. Tunatoka kazini tunajifungia, tunapika pilau, tunatazama harusi za nyumbani kwenye simu, halafu tunalalamika kwamba wenyeji hawatukaribishi. Wengine kweli hawakaribishi, nimekwisha kukueleza. Lakini wale akina mama wa kwenye miamba hawawezi kukumiminia chai kama uko chumbani umejifunika. Toka. Shuka kwenye maji. Salimia wa kwanza, hata dereva anayekuinulia kidole juu ya usukani mjibu vivyo hivyo. Mimi nimepoteza mwaka mzima kwa jioni moja, sitaki upoteze wako.

Mdogo wangu, hukunitajia tarehe. Nitumie, nikuangalizie mwezi utakuwa na siku ngapi na maji yatakupwa saa ngapi. Watoto wavalishe viatu vya mpira, miamba ya Duggerna inakata nyayo.