Mazoezi ya stringi: anza na maneno ya kinywani mwako

Somo lolote la Python, lugha ya kuandikia programu, kwa wanaoanza litakufikisha mapema kwenye mazoezi ya stringi, yaani maandishi yanayoshikwa na programu: geuza neno, hesabu irabu, angalia kama neno linasomeka vilevile mbele na nyuma. Mifano karibu yote ni ya Kiingereza. Unaandika "racecar", programu inajibu True, unasonga mbele. Jibu hilo lingekuwa bovu usingeshtuka, maana neno lenyewe hukulizoea. Ushauri ninaoutoa kila mara kwa wanaoanza ni kuchukua maneno unayoyatamka kila siku. Jibu bovu utalisikia kabla hujajua kosa liko mstari gani.

Tuanze na kugeuza. Kwenye Python ni neno[::-1], basi. Geuza "baba" upate "abab". Jaribu kaka, dada, mama: hakuna linalopona. Ukikaa nalo kidogo utaona kwa nini. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo neno linalosomeka sawa pande zote lazima lianze na irabu vilevile. Ewe, ama, apa, aga, hayo yanapita. Basi ukipewa orodha ndefu ya maneno, unaweza kuyatupa mengi kwa kutazama neno[0] tu, kabla ya kugeuza chochote. Halafu jaribu "Ewe" yenye herufi kubwa mwanzoni. Itakataa, kwa sababu E na e kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Utaandika neno.lower() ukidhani umemaliza, na bado itakataa. Stringi haibadiliki ilipo, lower() inakupa nakala mpya, na usipoipokea kwa neno = neno.lower() imepotea.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni kinyume, ule mchezo wa watoto wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Nyumba inakuwa mbanyu, twende inakuwa ndetwe. Kwa mdomo unaufanya bila kufikiri. Kuieleza kompyuta ndiko kwenye kazi.

Usikimbilie kibodi. Chukua karatasi, andika k i n y u m e, na chini ya kila herufi weka namba yake kuanzia 0. Herufi ni saba lakini ya mwisho ina namba 6, ndiyo maana neno[7] inakurushia IndexError. Sasa jiulize silabi ya mwisho inaanzia wapi. Unatoka mwisho, unairuka e, unarudi nyuma mpaka ukutane na irabu nyingine, ambayo ni u kwenye namba 4. Kila kilicho baada yake ni silabi ya mwisho: neno[5:] ni "me", neno[:5] ni "kinyu". Tazama hiyo 5 mara mbili. Wanaoanza wengi hulalamika kwamba Python haihesabu namba ya mwisho ya kipande, na jawabu ni hili hapa: namba moja inakata neno pande mbili, hakuna herufi inayopotea wala inayojirudia.

def kinyume(neno):
    i = len(neno) - 2
    while i >= 0 and neno[i] not in "aeiou":
        i = i - 1
    return neno[i+1:] + neno[:i+1]

Ipe "kaa", itakupa "aka", sawa kabisa. Ipe "mtu", itakurudishia "mtu" vilevile, wakati mtoto yeyote angesema "tum". Programu imefanya ulichoiambia. Uliiambia kila silabi ina irabu, na ile m ya mtu ni silabi isiyo na irabu. Jaribu pia kuondoa i >= 0. "Mtu" bado itatoa jibu lilelile, kwa bahati tu, kwa sababu Python haigombi ukiomba neno[-1]. Inakupa herufi ya mwisho kana kwamba ndiyo uliyoitaka. Kisha ipe "mh" uone inavyoanguka.

Jambo jingine ambalo mifano ya kigeni haikuandai nalo vizuri ni ritifaa. Andika 'ng'ombe' ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja na Python itadhani stringi imeishia kwenye ng. Tumia "ng'ombe" yenye mikato miwili, shida imekwisha. Lakini ukitaka kurekebisha majina ya mahali kwa title(), inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno, "chang'ombe" itatoka "Chang'Ombe" na "murang'a" itatoka "Murang'A", kwa kuwa title() inahesabu kinachofuata ritifaa kuwa neno jipya. Kwa neno moja moja capitalize() inatosha. Kisha kuna kibodi za simu, ambazo nyingine huweka ritifaa iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa ord(), inayokupa namba ya herufi ndani ya kompyuta, ya kwanza ni 8217, ya pili ni 39, na ukilinganisha maneno mawili yanayofanana hivyo utaambiwa False hadi uchoke. Badilisha zote kwa replace() mara tu maandishi yanapoingia, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Ukishazoea neno moja, hamia kwenye maandishi machafu. Hakuna machafu kama orodha ya michango ya harusi kutoka kundi la WhatsApp:

1. Mama Neema 50,000/=
2. Juma - 100000
3. Shangazi  30k (bado)
4. Baba Asha laki 1

Kazi yako ni kupata jumla. int("50,000/=") itakataa kwa ValueError, na hilo ni jema, umeambiwa. Unaondoa koma na "/=" kwa replace(), inapita. Ukikata mstari wa tatu kwa split(" ") utapata kipande kitupu katikati, kwa sababu kuna spesi mbili. Split() isiyo na kitu ndani ya mabano inazimeza zote. Sasa kiasi utakipata wapi? Majina mengine ni neno moja, mengine mawili, kwa hiyo huwezi kuhesabu kutoka mwanzo. Wengi huamua kuchukua kipande cha mwisho, [-1]. Kwa Mama Neema na Juma inakubali. Kwa Shangazi unapata "(bado)" na programu inaanguka. Kwa Baba Asha unapata "1", int("1") inapita bila neno, na mtu aliyetoa laki nzima ameandikiwa shilingi moja.

Ogopa hiyo ya Baba Asha kuliko ile ya Shangazi. Programu inayoanguka inakuita. Inayokosea kimya inapeleka hesabu kwa kamati. Mimi hapa sitafuti ujanja wa kuelewa "laki na nusu" na "elfu 30" na "thelathini" zote. Naandika kanuni ya maumbo mawili matatu ninayoyajua, naweka kiwango cha chini ambacho chini yake sikubali, na kila mstari uliobaki unachapwa pembeni ili mweka hazina ausome kwa macho yake.

Namba za simu zina mitego yao. Namba ya simu si namba ya kujumlisha, iache iwe stringi. Ukiipitisha int() ile 0 ya mbele imekwenda. Kubadili 0 kuwa +255 usifanye kwa replace("0", "+255"), maana itagusa kila sifuri iliyomo. Andika "+255" + simu[1:]. Na kuiondoa +255 usitumie lstrip("+255"). Hiyo haiondoi neno "+255", inaondoa herufi yoyote kati ya +, 2 na 5 mpaka ikutane na nyingine. Namba ya mezani ya Dar es Salaam, mfano "+255222000000", itabaki "000000". Kuna removeprefix() tangu Python 3.9, iliyotoka 2020.

Ukikwama, usichape stringi kwa print(jina). Chapa print(repr(jina)). Spesi ya mwishoni, mstari mpya, \xa0 (spesi isiyo ya kawaida) iliyokuja na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, \u202a (alama isiyoonekana) iliyojificha mbele ya namba ya simu, vyote vitajitokeza. Mara nyingi kosa ulilotafuta kwenye mantiki liko kwenye data.

Regex, ile lugha fupi ya alama za kutafutia maumbo ndani ya maandishi, iache kwanza. Itakufaa baadaye, lakini anayeianza kabla ya kuielewa lupu ya herufi moja moja hubaki kunakili alama asizoweza kuzirekebisha zikikataa.

Zoezi la kubaki nalo wiki hii: programu ya kuhesabu mizani. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mstari, 8 kila kipande, kwa hiyo una kipimo cha kujikagua bila kumuuliza mtu. Anza kwa kuhesabu irabu. Utapungukiwa kwenye mtu, mtoto, mpira na nchi, kwa sababu uliyokwisha kuiona kwenye kinyume. Ongeza kanuni ya m inayofuatwa na konsonanti, kisha utagundua kwamba mwalimu na mboga wanaikataa. Rekebisha tena. Ukifika kwenye "mbuni" simama: mbuni ndege ana mizani mbili, mbuni wa kahawa una tatu, na herufi ni zilezile tano. Hapo programu itabidi imuulize mtumiaji.