Muulize Bwana Shamba: Mwanangu anataka kulifunika bonde plastiki

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Niko Ilula, mkoani Iringa. Nina ekari tatu za vinyungu, yaani mashamba ya bondeni kando ya mto, nalima nyanya tangu nilipoolewa. Mwanangu amemaliza chuo, na kwenye simu ameona mashamba ya Almería, Hispania, yaliyofunikwa plastiki mpaka ufukweni. Anataka tukope, tufunike ekari zote, tuvune mwaka mzima, tuachane na kuuza tenga kwa bei anayotaka dalali. Baba yake alishafariki, neno la mwisho ni langu. Nimpe shamba?
Mama wa Ilula

JIBU: Marahaba mama. Mpe robo ekari, na isiwe ya bondeni. Sasa nikueleze kwa nini.

Mwanao hajadanganywa. Almería ni eneo kame, mvua yake ya mwaka ni kama milimita 200 tu, lakini ina hekta zaidi ya 30,000 za vitalu nyumba, weupe mtupu unaoonekana kwenye picha za setilaiti. Watu waliokuwa hohehahe walijenga nyumba za maana kwa nyanya na hoho za kuwauzia Wajerumani wakati wa baridi. Hilo usimbishie.

Ila muulize kuhusu maji. Kule walichimba visima wakavuta kuliko mvua inavyorudisha, mpaka chumvi ya bahari ikaanza kupenya kwenye maji ya chini ya ardhi. Sasa baadhi yao wanasafisha maji ya bahari kwa mitambo ya gharama kubwa. Wewe bahari huna. Una mto mmoja na majirani walio chini yako, na mwezi wa kumi unajua mwenyewe pampu zinavyogombana.

Halafu dawa. Kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, asili yake ni Amerika Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, kwetu akafika 2014. Nilikuwa bado kazini. Nilimkuta mzee mmoja amechanganya dawa tatu kwenye bomba moja, anapiga asubuhi, jioni mkewe anachuma. Nilimgombeza, akaniuliza, “Wewe utanilipia ada ya watoto?” Sikuwa na jibu. Basi kama kuna kitu mwanao akaige Hispania, ni hiki: wakulima wengi kule wamepunguza dawa kwa kufuga wadudu marafiki, akiwemo mdudu mdogo anayekula mayai ya huyo huyo kantangaze. Na aweke wavu na milango miwili. Kitalu chenye wavu uliotoboka ni hoteli ya wadudu.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo linaloninyima usingizi: nani anachuma? Huko Almería wengi ni Wamorocco na vijana wa Afrika Magharibi. Mchana ndani ya plastiki joto hupita nyuzi 40. Wapo wanaolala kwenye vibanda vya mbao chakavu vilivyoezekwa plastiki kuukuu ya vitalu hivyo hivyo, bila bomba la maji. Februari 2000, katika mji wa El Ejido, wenyeji waliwavamia Wamorocco kwa siku kadhaa, wakachoma makazi na maduka yao. Waliobaki wakagoma kuchuma, ndipo matajiri wakaona nyanya zinavyooza. Najua hapo kwenu hakuna wahamiaji. Kuna binti wa jirani mwenye mtoto mgongoni, analipwa kwa ndoo. Ukipiga dawa uwanjani, upepo unaipeperusha. Ndani ya kitalu inabaki pale pale, anaivuta yeye na mwanawe. Kwa hiyo sharti langu la pili: siku ya dawa na siku zote za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, kitalu kinafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa kwako.

Mkopo sitausemea sana. Robo ekari ikijilipa misimu miwili, mtazungumza upya.

Mwisho, plastiki yenyewe. Jua huichakaza kwa miaka mitatu hivi. Mwaka 2012 nyangumi mkubwa alikwama akiwa amekufa kwenye pwani ya Granada, jirani na Almería, na tumboni alikuwa na plastiki kilo zinazokaribia 20, nyingi za vitalu. Kabla hujatia sahihi, mwambie mwanao akuonyeshe yake ataipeleka wapi ikichanika. Akisema ataichoma, muulize upepo wa jioni hapo kwenu unavuma kuelekea nyumba ya nani.